Video ya muziki ya mwanafunzi: uwaulize watazamaji, uwakutanishe, au uwaangalie wakitazama?

Video imeshapigwa, mkato wa awali, yaani video iliyounganishwa kwa mara ya kwanza, uko kwenye kompyuta, na tarehe ya kukabidhi kazi inakaribia. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukumbuka kwamba mwongozo wa kazi unadai maoni ya watazamaji. Dodoso la maswali kumi linaandikwa haraka, linatupwa kwenye kundi la darasa, majibu matamu yanarudi, chati ya duara inachorwa, na kazi inahesabika imekwisha. Video yenyewe haijabadilika hata fremu moja.

Hiyo ni hasara, kwa kuwa mtazamaji ana kitu ambacho wewe huna tena. Wewe unajua shoti ya ngazi, yaani kile kipande kimoja cha picha, ilikugharimu mchana mzima. Yeye haoni jasho lako, anaona skrini tu. Unajua yule kijana wa mwanzo ni kaka wa mhusika. Yeye anajua kile ulichomwonyesha. Baada ya kuutazama mkato wako mara nyingi kiasi cha kuukariri, macho hayo mapya huwezi kuyapata popote ila kwa mtu mwingine.

Njia za kuyapata si nyingi: dodoso, majadiliano ya kikundi, kumwangalia mtu anapotazama, takwimu za mtandaoni, na jicho la mtu wa fani. Nitazilinganisha kwa mambo ninayoyaona ya maana: njia inakwambia nini, inakupotosha wapi, na inakufikia ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha au la. Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kama una nafasi ya njia moja tu, mwangalie mtu akitazama mkato ambao bado unaweza kuubadilisha. Ukipata nafasi ya pili, ongeza mazungumzo. Dodoso lije la tatu, na takwimu za mtandaoni zije mwisho kabisa.

Anza na swali, njia itafuata

Video ya muziki ni kazi fupi, aghalabu dakika tatu au nne, na ndani ya muda huo kuna mambo manne yanayoweza kwenda kombo. Huenda haimshiki mtazamaji. Macho yanahama kabla ya ubeti wa pili. Huenda inamshika lakini hadithi haieleweki. Huenda inaeleweka ila haiendani na wimbo, au na watu ambao wimbo huo ni wao. Na huenda yote hayo yako sawa lakini kuna kasoro ya ufundi: midomo imepishana na sauti, rangi ya ngozi imebadilika kutoka shoti moja hadi nyingine, mkono uliokuwa mfukoni ghafla uko kichwani.

La kwanza hulipati kwa kuuliza. Mtu hajui kwa hakika alichoka sekunde ipi, na hata akijua, ataona haya kukwambia. Hilo huonekana kwa kumwangalia. La pili linahitaji maneno yake mwenyewe, yaani mahojiano mafupi au swali moja zuri la kuandika. La tatu hupatikana watu wanapozungumza na kupingana, kwa hiyo ni kazi ya kikundi. La nne, mtu wa fani atalitaja kwa dakika tano, ingawa mtazamaji wa kawaida naye atalihisi bila kuweza kulitaja jina.

Ukishajua ni lipi kati ya hayo linalokunyima usingizi, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Dodoso: jepesi, lakini lina adabu mno

Uzuri wa dodoso ni wepesi wake. Unaliandika jioni moja, unawafikia watu wengi bila kukutana nao, na majibu yanapangika vizuri. Vipimo vya "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa" vilianzishwa na mwanasaikolojia Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, na vimedumu kwa sababu vinaruhusu kulinganisha. Hapo ndipo penye nguvu ya dodoso: kulinganisha vitu viwili. Ikiwa una miisho miwili ya video na huwezi kuamua, lionyeshe kundi moja mwisho wa kwanza, kundi jingine mwisho wa pili, uwape wote maswali yaleyale. Tofauti ya majibu itakuwa na maana. Namba moja iliyosimama peke yake, "wastani wa 4.2 kati ya 5", haina. Marafiki wakiulizwa kama wameipenda kazi ya rafiki yao, hujibu 4.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye maswali yanayobeba jibu ndani yake. Tuseme video yako inamhusu msichana wa koti jekundu anayeondoka nyumbani bila kuaga. Weka maswali haya mawili ubavu kwa ubavu:

"Je, hadithi ilieleweka?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo. Hakuna anayetaka kuonekana hakuelewa.

"Eleza kwa sentensi mbili kilichompata msichana wa koti jekundu." Hapa mmoja ataandika ametoroka, wa pili ataandika amefukuzwa, wa tatu ataandika anaenda kazini. Sasa unajua kwamba shoti ya mlango haifanyi kazi uliyoitegemea.

Swali la pili lina usumbufu wa kusomwa jibu moja moja, na halitoi chati ya kupendeza. Lakini ndilo linalokufundisha. Ningeshauri dodoso la video ya muziki lisizidi maswali matano, na angalau mawili yawe ya kuandika: moja la kusimulia hadithi, moja la kutaja picha iliyobaki kichwani baada ya skrini kuzimwa. Picha hiyo ikiwa ni ileile kwa watu wengi, umepata kiini cha video yako, na pengine picha ya kuitangazia.

Kuhusu asilimia, tahadhari. Ukiwa na watu 12, kila mmoja anabeba zaidi ya asilimia 8. "Asilimia 75 waliipenda" ni watu tisa, na pengine saba kati yao ni wa darasa lako. Andika "tisa kati ya kumi na wawili" na useme ni akina nani. Msomaji wa ripoti yako atakuamini zaidi.

Kikundi: pale maana inapogombaniwa

Majadiliano ya kikundi yana asili inayotuhusu moja kwa moja. Miaka ya 1940 nchini Marekani, mwanasosholojia Robert Merton alihusika katika utafiti wa jinsi watu walivyovipokea vipindi vya redio na filamu, na mwaka 1946 yeye na mtafiti mwenzake Patricia Kendall waliandika kuhusu kile walichokiita mahojiano yaliyolengwa. Jambo la msingi walilosisitiza bado linafaa: anayeuliza aichambue kazi kwanza mwenyewe, ajue ina sehemu zipi, ndipo awarudishe watu kwenye sehemu maalumu badala ya kuwauliza wameionaje kwa jumla. "Ulihisi nini kamera ilipobaki kwenye kiti kitupu wakati wa kiitikio cha pili?" ni swali. "Mmeionaje?" ni salamu.

Kikundi kinashinda dodoso pale watu wanapotofautiana. Stuart Hall, mtafiti wa utamaduni na vyombo vya habari, alieleza mwaka 1973 kwamba ujumbe anaoupanga mtengenezaji hauingii kwa mtazamaji ulivyotoka: mmoja ataupokea kama ulivyokusudiwa, mwingine ataukubali nusu na kuupinda kulingana na maisha yake, wa tatu ataupinga waziwazi. Dodoso hukuonyesha kwamba watu watatu wametofautiana. Kikundi hukuonyesha kwa nini, kwa sababu watabishana mbele yako. Yule aliyemwona msichana wa koti jekundu kuwa mwasi na yule aliyemwona kuwa shujaa wataanza kutajiana ushahidi: macho ya mama, begi lililofungwa tangu jana, mstari wa wimbo. Orodha hiyo ya ushahidi ni dhahabu kwa mhariri. Inakwambia ni shoti zipi zinazobeba maana na zipi zinapita tu.

Hatari yake ni mtu wa kwanza kuzungumza. Akisema "imenikumbusha tangazo la biashara", chumba kizima kitaanza kuona tangazo. Kinga ni rahisi na haina mbadala: kila mtu aandike kwanza, kwa dakika mbili, bila kuongea. Kisha asome alichoandika. Ndipo mjadala uanze. Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi hapo, wapole hunyamaza.

Na wewe mwenyewe usiongoze mazungumzo. Mtafute mtu wa kundi lenu ambaye hakuongoza wala hakuhariri, wewe kaa nyuma na kalamu. Mwongozaji akiwa mbele, atajikuta anajibu: "Ile ilikuwa giza kwa makusudi," "Hapo tulikosa muda." Kila jibu la namna hiyo hufunga mdomo mmoja. Watu ni waungwana. Wakiona unaumia, wataacha kukwambia.

Kumwangalia mtu akitazama: njia ninayoipa nafasi ya kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 1930 watafiti wa redio Paul Lazarsfeld na Frank Stanton walibuni kifaa cha kupima wasikilizaji wa redio. Kila msikilizaji alishika vitufe viwili: cha kijani akibonyeze anapopenda anachosikia, chekundu asipopenda, na mashine ikaandika kwenye karatasi inayokwenda sambamba na kipindi. Wazo lililomo humo ni kubwa. Hukumu ya mtu baada ya kazi kwisha ni jumla iliyopikwa na kumbukumbu, lakini hisia zake sekunde kwa sekunde ni kitu kingine kabisa.

Mwanafunzi hahitaji vitufe. Anahitaji karatasi yenye muda wa video ulioandikwa kila sekunde kumi, mtazamaji mmoja, na mahali pa kukaa anapouona uso wake bila kumkodolea macho. Ukiweza kurekodi uso kwa simu baada ya kupata ridhaa yake, vizuri zaidi; na akiwa mtoto, ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi pia. Usimweleze chochote. Usimwambie hadithi, usiombe radhi kwa sauti ambayo haijasawazishwa, usitaje gharama. Bonyeza, kaa kimya.

Kisha andika unachokiona. Macho yameondoka skrini sekunde ya 50. Amejiinamia mbele sekunde ya 72. Mguu umeanza kufuata mdundo kwenye kiitikio cha kwanza na ukaacha kwenye ubeti wa pili. Amecheka pale ambapo hukukusudia kuchekesha. Amekunja uso, amerudi nyuma, amekutazama wewe; mtu anapomtazama mwenyeji wake katikati ya video, mara nyingi anauliza bila maneno kama alichokiona ni makosa.

Fanya hivyo na watu watano, mmoja mmoja, na uweke karatasi zao tano juu ya meza. Mtu mmoja akitazama pembeni sekunde ya 50, huenda alisikia mlango. Wanne wakitazama pembeni kati ya sekunde ya 48 na ya 53, video yako ina shimo hapo, na hakuna utetezi wa kisanii utakaolijaza. Hiki ndicho kinachonifanya niipende njia hii kuliko zote: inatoa anwani. Dodoso husema nyumba ina tatizo. Karatasi hii inasema chumba kipi.

Ina upungufu wake, na ni lazima uujue. Haisemi sababu. Mtu aliyetulia tuli anaweza kuwa amezama au amesinzia akiwa macho wazi. Ndiyo maana namwacha atazame mara ya kwanza kimya, kisha tunarudia pamoja, na safari hii anainua mkono popote alipohisi kitu, chochote, kizuri au kibaya. Tunasimamisha, anasema sentensi moja, tunaendelea. Hapo kumwangalia na kumhoji vimeungana, na mkutano mzima haufiki dakika ishirini.

Watu hao watano wasiwe wote marafiki. Angalau watatu wawe wapenzi wa aina ya muziki uliyoichagua, maana wana mazoea ambayo huwezi kuyabuni: wanajua msanii wa aina hiyo huvaa nini, kamera humkaribia kiasi gani, kuvunja kanuni kunapendeza wapi na kunaudhi wapi. Mmoja awe mtu asiyeusikiliza kabisa muziki huo. Yeye ndiye atakayekwambia kama hadithi inasimama bila msaada wa mazoea.

Mtazamaji yuko sahihi kuhusu mahali, si kuhusu dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa njia yoyote utakayochagua itakuletea malalamiko ambayo hayasemi yanachomaanisha.

"Ni ndefu." Wimbo una urefu wake na huwezi kuukata. Lalamiko hili kwa kawaida linahusu ubeti wa pili, pale video inaporudia shoti za ubeti wa kwanza: ukuta uleule, pembe ileile, mwimbaji akipunga mkono vilevile. Mtazamaji amegundua kwamba hakuna kipya kinachokuja. Dawa yake ni kuzuia kitu mwanzoni ili kiingie baadaye: mahali papya, mtu wa pili, nguo nyingine, au kamera iliyokuwa mbali sasa iwe karibu.

"Inachosha macho." Piga hesabu. Wimbo wa midundo 100 kwa dakika una mdundo mmoja kila sekunde 0.6, na kwa video ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde hiyo ni fremu 15. Ukikata kwenye kila mdundo kwa dakika tatu, una shoti 300. Ukikata kila baada ya midundo minne, una 75. Hakuna namba iliyo haramu, lakini mkato unaotua juu ya mdundo bila kukosa hata mara moja humfanya mtazamaji autabiri, na anachokitabiri hakimshtui tena. Acha shoti moja ivuke mdundo, ipumue, kisha kata mahali asipopategemea. Kiitikio kitapata nguvu bila kuongeza hata shoti moja.

"Kuna kitu hakikai sawa anapoimba." Karibu kila mara ni midomo na sauti. Pendekezo la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, la mwaka 1998 kuhusu picha na sauti za utangazaji linaonyesha kwamba watu huanza kugundua tofauti sauti inapoitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, au inapochelewa kwa takriban 125. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kwa hiyo sauti ikitangulia kwa fremu mbili tu umeshavuka mpaka, ilhali ikichelewa unasamehewa hadi karibu fremu tatu. Ukiwa na shaka juu ya shoti fulani, sogeza sauti upande wa kuchelewa. Na kama tatizo lilianzia kwenye upigaji, kwa mfano mlitaka mwendo wa taratibu lakini mwimbaji aliimba kwa kasi ya kawaida, uhariri hautaliokoa. Mwendo wa taratibu wenye midomo inayofuata wimbo hupatikana kwa kupiga fremu 50 kwa sekunde huku wimbo ukichezwa kwa kasi maradufu kwenye spika, kisha picha ikapunguzwa kasi kwa nusu.

"Sielewi kinachoendelea." Tazama mavazi kabla ya kulaumu hadithi. Wahusika wawili wa kimo kimoja waliovaa nguo za rangi zinazokaribiana wakipigwa usiku wanakuwa mtu mmoja. Sababu nyingine ya kawaida ni kukosa shoti pana: umeanza na macho, mikono, viatu, na mtazamaji hajaambiwa yuko wapi.

"Inaonekana ya kitoto." Hili linauma, na wanafunzi wengi hulikimbilia kwa kuongeza madoido. Fanya kinyume. Ondoa kila badiliko la kuzungusha, kumetameta na kufifisha, ubaki na mikato mitupu, kisha linganisha rangi za shoti zinazofuatana. Mara nyingi kilichoonekana cha kitoto ni mwanga wa manjano unaofuatwa na mwanga wa buluu katika chumba kilekile.

"Haiendani na wimbo." Kabla ya kukubali, jiulize ulikusudia uhusiano gani. Mwaka 1992 Andrew Goodwin, mtafiti wa video za muziki, aliandika kuhusu namna picha zinavyoweza kuonyesha kile maneno yanachosema, kukiongezea maana, au kwenda mbali nacho. Kama ulichagua kwenda mbali, lalamiko hili huenda ni dalili kwamba ulikwenda mbali nusu: picha zinakubaliana na maneno mara tatu, kisha zinaachana ghafla, na mtazamaji anadhani umekosea. Uamuzi wa namna hiyo unapaswa kuonekana tangu kiitikio cha kwanza.

Takwimu za mtandaoni: za kweli, ila zimechelewa

Mchoro unaoonyesha watazamaji wamebaki wangapi kila sekunde ni jamaa wa ile mashine ya vitufe, na una sifa mbili nzuri: watu hawajui unawaangalia, na baadhi yao hawakufahamu kabisa. Ukiusoma, usiogope mteremko wa sekunde za mwanzo. Karibu kila video inao, kwani wapo waliobonyeza kwa bahati mbaya. Tafuta mteremko mkali unaotokea katikati, na tafuta vilima vidogo, yaani sehemu ambazo watu walizirudia. Kilima kinaweza kuwa shoti iliyopendwa au maneno yaliyopita haraka mno kusomeka. Itazame sehemu hiyo uamue.

Laiki na idadi ya waliotazama zina uzito mdogo zaidi. Zinapima ukubwa wa mtandao wako wa marafiki na bahati yako na jukwaa husika kuliko zinavyopima video. Komenti zina thamani pale tu zinapotaja kitu mahususi.

Kinachoiweka njia hii nyuma ya nyingine ni wakati. Unapopata mchoro, video imeshatoka, na pengine imeshakabidhiwa. Zaidi ya hayo, ukitumia wimbo wa msanii mwingine, kuupandisha hadharani kunakuingiza kwenye suala la haki mbili tofauti: ya waliotunga wimbo na ya wenye rekodi. Majukwaa makubwa hutambua rekodi zilizosajiliwa na yanaweza kuizuia video au kunyamazisha sauti yake. Uwe na ruhusa ya maandishi, au fanya kazi na msanii mchanga anayehitaji video kama wewe unavyohitaji wimbo. Waliopigwa picha nao wawe wamekubali kuonekana hadharani, si darasani tu.

Mwalimu na mtu wa fani

Wape nafasi, lakini kwa swali maalumu. Mtu aliyehariri kwa miaka ataona sababu pale mtazamaji anapoona dalili, na atakuokolea siku nzima ya kubahatisha. Asichoweza ni kuwa mpenzi wa wimbo huo mwenye miaka kumi na saba. Mpelekee karatasi za watazamaji watano na umuulize: "Wanne wamepotea sekunde ya 50. Ungefanya nini?" Utapata jibu bora kuliko ukimpa video tupu na kumwomba maoni.

Lini: kabla ya kamera, kwenye mkato, au mwishoni

Mabadiliko ya wazo yanagharimu sentensi. Mabadiliko ya michoro ya shoti yanagharimu kalamu. Mabadiliko baada ya kupiga yanagharimu kumrudisha mwimbaji, nguo ileile, nywele zilezile na mwanga wa saa ileile. Kwa sababu hiyo, hatua ambayo wanafunzi huiruka na ambayo ningewasihi waitumie ni ya michoro iliyowekwa juu ya wimbo: unapiga picha michoro yako, au unapiga picha za simu za rafiki akisimama mahali pa mwimbaji, unazipanga kwenye programu ya uhariri kwa urefu uliokusudia, unacheza wimbo. Jioni moja inatosha. Haivutii kuitazama, na watazamaji hawatakwambia lolote kuhusu uzuri, lakini watakuonyesha kama hadithi inaeleweka na kama ubeti wa pili una kitu kipya. Hayo mawili ndiyo makosa ghali kuliko yote.

Mkato wa awali ndio mahali pa kuwaangalia watu wakitazama. Uufikishe angalau wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, na uweke akiba ya nusu siku ya kupiga tena shoti chache. Bila akiba hiyo, nusu ya utakayojifunza itabaki majuto.

Kwa mwenye siku tatu tu na kompyuta moja: watu watano, mmoja mmoja, kwenye mkato wa awali, basi. Kwa mwenye video ya kimawazo isiyo na hadithi ya wazi: kikundi cha watu sita, wakiandika kabla ya kusema, kwa sababu swali lako ni la maana. Kwa mwenye video ya mwimbaji na bendi wakitumbuiza, isiyo na hadithi: acha kikundi, nenda kwenye karatasi ya sekunde kumi na jicho la mtu wa fani, kwani kitakachokuangusha ni kasi, midomo na mwanga. Kwa mwenye miisho miwili asiyejua aache upi: dodoso, makundi mawili.

Na baada ya kurekebisha, usiwarudishie walewale. Mtu aliyeona mkato wa awali haitazami tena video. Anatafuta kilichobadilika, na atakusifu kwa kumsikiliza. Watafute wapya wawili au watatu, ukae palepale pembeni na karatasi ileile, uone kama macho yanapita sekunde ya 50 bila kuondoka skrini. Kwenye daftari la kazi andika safu tatu: sekunde, mtazamaji alifanya nini, na wewe ulibadilisha nini. Pale ulipokataa kubadilisha, andika hivyo, na sababu yake karibu yake.